Sifa za Machinga wa Makoroboi

Zichanganye herufi 8 za neno MACHINGA, uzipange upya, utapata MICHANGA. Hakuna herufi iliyobaki wala iliyoongezwa. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika halmashauri ya mji hapa Tanzania ataelewa bila maelezo: mchanga unaufagia asubuhi, jioni unaukuta palepale, tena umeongezeka.

Nataka kuwasifu wamachinga wa Mwanza, na sifa zenyewe zinatoka moyoni. Mashtaka yao nayajua. Wameziba njia ya waenda kwa miguu mtaa wa Makoroboi, watu wanapita kwa ubavu. Wamepanga mali mbele ya mlango wa mwenye duka anayelipa pango, leseni na kodi, hata mteja wa duka anaingia kwa kuruka ndala na sahani. Wamefunga spika inayorudia "kila kitu jero, kila kitu jero" tangu saa 2 asubuhi mpaka betri iishe, na ikiisha wanachukua nyingine kwenye meza yao wenyewe. Wanamwita kila mpita njia bosi, shemeji, mama, mkuu, na asiyeitika wanamfuata. Yote ni kweli, nami nayahesabu yote kuwa sifa.

Nimeanza na mchezo wa herufi kwa sababu ni mchezo wetu wa siku nyingi. Watu wa Unguja walikuwa na namna ya kusema iitwayo kinyume: unaitoa silabi ya mwisho ya neno unaitanguliza, asiyejua mchezo asiambulie kitu. Askofu Edward Steere aliuandika katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili cha mwaka 1870. Kwa kinyume, ZIWA ni WAZI, MAWE ni WEMA, na KODI ni DIKO, pale pwani wanaposhushia samaki. Mji wetu umekaa juu ya mawe kando ya ziwa, kwa hiyo tunaishi juu ya wema kando ya mahali palipo wazi, na kodi yetu inakusanywa mwaloni. Ukiacha silabi ukazichambua herufi mojamoja, mavuno yanaongezeka. SATO ni SOTA, na mvuvi aliyerudi mtumbwi mtupu anajua maana yake. PESA ni SEPA. UZA ni ZUA. SAMAKI ni MASAKI, mtaa wa wenye uwezo Dar es Salaam, na ndivyo mambo yalivyo: minofu ya sangara inafungwa kwenye barafu katika viwanda vya Mwanza na kusafirishwa kwenda kuliwa na wenye uwezo, hadi Ulaya, huku mapanki, yaani kichwa, mifupa na mkia, yakibaki kwa wenyeji wa ziwa.

Neno linalonifurahisha zaidi ni MALI. Herufi zake nne zinatoa LAMI, zinatoa LIMA, zinatoa MILA. Historia nzima ya machinga imo humo. Baba alilima, mtoto akaacha jembe akaja mjini, akatandaza mali juu ya lami, na sasa imekuwa mila.

Maduka makubwa ya dunia nayo yana mambo yake ya herufi. Sam Walton alipofungua duka lake la kwanza la bei nafuu mwaka 1962, pale Rogers, Arkansas, alikuwa na orodha ya majina marefu. Meneja wake Bob Bogle alimshauri achague la herufi 7 tu, kwa hoja kwamba kila herufi ya bango inanunuliwa, inawekewa taa na inatengenezwa ikiharibika. Ndipo likapatikana jina Walmart, ambalo leo ni la kampuni yenye wafanyakazi wapatao milioni 2.1, kuliko mwajiri mwingine yeyote binafsi duniani. Jirani zetu wa Kenya walifupisha pia. Nakumatt ni Nakuru na magodoro, maana biashara ilianza kwa kuuza magodoro Nakuru. Tuskys, mpinzani wake mkubwa, kwenye karatasi za usajili aliitwa Tusker Mattresses, magodoro vilevile. Naivas, ambaye leo ana matawi zaidi ya 100, jina lake limetoka Naivasha. Zichanganye herufi zake na utapata VINASA, kama vile vinasa sauti. Yupo na Game, duka la Afrika Kusini lililokuwa Mlimani City, Dar es Salaam. Herufi zake zinatoa MEGA, kitendo cha mkono kwenye ugali.

Kupitia Game, Walmart mwenyewe alikuwa Tanzania. Mwaka 2011 alinunua asilimia 51 ya hisa za Massmart, kampuni mama ya Game, na tangu hapo mama aliyenunua jagi pale Mlimani City alikuwa anamchangia mrithi wa Sam Walton. Wachache walijua. Mwaka 2022 Game ikafunga, ikaondoka. Haikuwa ya kwanza. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014. Uchumi, kampuni ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1975, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda mwaka 2015. Nakumatt aliyeingia Moshi mwaka 2011 kwa kishindo alielemewa na madeni, rafu zikabaki tupu, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura afungwe kabisa. Neno lililoandikwa kwenye milango ya maduka hayo yote ni KARIBU. Herufi za KARIBU, ukizipanga upya, ni KABURI.

Ndiyo maana nawatetea watu wa Makoroboi. Walioingia kwa vioo, viyoyozi na vitoroli vya magurudumu wameondoka, na waliokuwa wakifukuzwa kila mwaka wapo. Kama tunataka kumjua mfalme wa rejareja wa Kanda ya Ziwa, tusimtafute kwenye jengo. Yupo juani, ana ndala mkononi, na tawi lake linatembea.

Angalieni anavyofanya kazi. Ndala, au kiatu, anakuonyesha cha mguu mmoja tu, mwenzake amemhifadhi kwenye kiroba kwa jamaa yake wa upande wa pili wa barabara. Mwizi atakwapua kiatu kisicho na pacha, na mgambo akikamata mzigo anapata nusu ya biashara. Makampuni yanafunga kamera na milango inayolia ili kulinda mali. Machinga amelinda yake kwa kuitenganisha, na gharama ni sifuri.

Walmart anasifiwa katika vitabu vya biashara kwa jambo la mwaka 2004. Kimbunga Frances kilipokuwa kinakwenda Florida, wataalamu wake walipekua kumbukumbu za mauzo kwenye kompyuta na kugundua kwamba kimbunga kikikaribia, watu hununua vikeki vya stroberi mara saba ya kawaida, na bia ndiyo inayoongoza kuliko vyote. Malori yakajazwa, yakatumwa. Nasema kwa heshima zote: njoo Mwanza wakati wa mvua za vuli. Wingu linatokea upande wa ziwa, upepo unageuka, na kabla tone la kwanza halijaanguka Barabara ya Nyerere imejaa miavuli, makoti ya plastiki na vifuko vya kuhifadhia simu. Dakika chache nyuma meza zilezile zilikuwa na miwani ya jua na vitambaa vya jasho. Hakuna kompyuta, hakuna mkutano wa menejimenti. Kijana aliangalia juu, akajua.

Sam Walton aliwaapisha pia wafanyakazi wake kwamba mteja akifika umbali wa futi 10, watamtazama machoni, watamsalimia na kumwuliza wamsaidie nini. Huko waliona ni uvumbuzi. Chinga wa Mwanza anakusalimia ukiwa umbali wa nyumba tatu, anakadiria umri wako, kabila lako na hali ya mfuko wako, na kama umevaa kama mtu aliyeshuka leo kutoka Kwimba au Magu, utapokewa kwa mwangaluka ya Kisukuma, uulizwe habari za mvua na pamba. Mgeni wa mjini hahitaji kitu zaidi ya hicho. Mwanamke aliyekuja kumwuguza mtu hospitali ya Bugando, hajui mtaa wala nauli, ataelekezwa na muuza soksi kabla hajanunua soksi. Mlinzi wa duka la vioo hana ruhusa ya kuacha mlango.

Halafu kuna visiwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina nguvu mwezi ukiwa mpevu. Kwa hiyo wavuvi wa ziwa wana siku za giza, ambazo ndizo za kazi na fedha, na siku za mbalamwezi, ambazo nyavu zinapumzika. Machinga anayepeleka mzigo Ukerewe, Kome au Maisome anaifuata kalenda hiyo. Mzigo unapakiwa giza linapoanza, maana akifika katikati ya mbalamwezi atakuta wanunuzi wanaomba mkopo. Atapanga meza mwaloni, auze tochi, nyembe, kaptula, dawa ya mswaki, sindano na betri, na kurudi na fedha au na gunia la dagaa la kuuza Kirumba Mwaloni, soko ambalo wafanyabiashara kutoka Kongo, Rwanda na Burundi wanakuja kununua. Sijaona duka kubwa lolote lililofungua tawi kwa kufuata mwezi. Nalo Makoroboi lenyewe limebeba jina la koroboi, kile kitaa cha kopo na utambi ambacho mafundi wa bati walikitengeneza kutokana na makopo yaliyotupwa. Mtaa uliopewa jina la bidhaa ya namna hiyo haukukusudiwa kuwa mtulivu.

Mwenye duka anayelalamika namheshimu, lakini ni vizuri tuambizane ukweli wote. Sehemu ya mali iliyotandazwa mbele ya mlango wake imetoka rafuni kwake. Amempa kijana kwa mali kauli: chukua, kauze, jioni niletee changu, cha juu ni chako. Mali ikiuzwa ndani inadai risiti ya EFD; ikiuzwa nje inadai mdomo tu. Kwa hiyo wale wanaoitwa maadui ni washirika, na ugomvi wao wa mchana unaishia kwenye hesabu ya jioni. Mimi naisifu mali kauli kuliko mkopo wowote wa benki niliousikia. Haina fomu, haina dhamana ya nyumba, na inalipwa siku hiyohiyo, kwa sababu asiyerudisha leo hapewi kesho. Uchumi na Nakumatt waliangushwa hasa na madeni ya waliowauzia bidhaa. Miezi ilipita bila malipo, wauzaji wakagoma kuleta maziwa na unga. Laiti wakurugenzi wao wangekaa wiki moja soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza, mahali ambapo deni linaishi kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama.

Serikali zetu zimewajaribu wamachinga kwa kila njia. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya nguvu kazi, na watu wasio na kazi inayotambulika, wachuuzi wa barabarani wakiwamo, wakakusanywa mijini na kupelekwa vijijini wakalime. Wengi walirudi. Dar es Salaam ikajenga Machinga Complex pale Karume, jengo la ghorofa kwa ajili yao, na wengi wakavikwepa vizimba vya juu, kwa kuwa mteja wa soksi hapandi ngazi kutafuta soksi. Desemba 2016, baada ya operesheni ya kuwaondoa hapa Mwanza, Rais John Magufuli aliagiza waachwe mpaka watakapoandaliwa mahali panapofaa. Tarehe 10 Desemba 2018 akawakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wafanyabiashara wadogo, kila kimoja kwa Sh 20,000. Zingatieni ukubwa wa hesabu hiyo: ni karibu theluthi ya wafanyakazi wote wa Walmart duniani, katika nchi moja, kwa hafla moja, bila makao makuu. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, ukaja uamuzi wa kuwapanga upya nchi nzima, na ilipofika Oktoba mitaa ya katikati ya miji ilikuwa imesafishwa kwa muda. Mwaka 2022 wakapata hata wizara inayowashughulikia, ya maendeleo ya jamii na makundi maalum.

Katika kupangwa huko kuna wema mwingi, na nausema waziwazi. Choo, maji, paa na kizimba chenye namba ni haki ya mtu anayefanya kazi saa 12 kwa siku. Tatizo ni mahali. Aliyewapangia alitazama ramani akaona kiwanja kitupu. Wao hutazama miguu. Kiwanja kinakuwa kitupu kwa sababu watu hawapiti. Mnunuzi wa kitana cha Sh 500 hakuondoka nyumbani akisema anakwenda kununua kitana, alikutana nacho akitoka kwenye daladala. Ukimhamisha muuza kitana kilomita 3 kutoka kwenye daladala, umeiua biashara bila kuigusa. Kero ya kuzibiwa njia, basi, ndiyo huduma yenyewe. Wasiposimama pale tunapopita hawana wanachotuuzia.

Mtu ataniuliza kuhusu mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, kipofu, na mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani, ambao njia ya miguu ilijengwa kwa ajili yao. Wana haki, na hilo silifanyii mzaha. Njia ya mita 3 inaweza kuchukua meza ya mita 1 na watu wa kupita, kama meza hazitapangwa pande zote mbili na kama halmashauri itachora mstari na kuusimamia siku zote 365, badala ya kulala miezi 11 na kuamka na virungu mwezi mmoja. Viongozi wa wamachinga wenyewe wanaweza kuusimamia mstari huo kuliko mgambo yeyote, kwa kuwa wanafahamiana kwa majina na kila mmoja anajua nani kavuka.

Ombi langu kwa Nyamagana na Ilemela, halmashauri zenye watu zaidi ya milioni moja kwa pamoja kwa sensa ya 2022, ni fupi. Jengeni vizimba vya chuma vya kimo kidogo na paa jembamba pembeni ya vituo vya daladala, Buzuruga, Igoma, Buhongwa, Nyegezi na Kirumba, kila mahali ambapo watu wanashuka. Wekeni maji na choo. Tozeni ushuru mdogo wa kila siku, kwa simu, na risiti yake itumike kama kinga dhidi ya mgambo. Makoroboi iachieni upande mmoja wa barabara. Na ziacheni spika, lakini zizimwe karibu na hospitali, shule na nyumba za ibada.

Nawe msomaji, utakapopita pale na mkono wa kijana ukakuzuia njia, ukaonyeshwa kiatu cha mguu mmoja, usikunje uso. Salimia, uliza bei, omba upunguziwe, na kabla hujatoa pesa hakikisha cha pili kimeletwa.